Ukihamia Lamu na Mtoto wa Chekechea

Msomaji, huenda siku moja ukahamishiwa Lamu kikazi, nawe una mtoto wa miaka minne. Utashuka garini Mokowe, uvuke kwa mashua, ufike katika mji ambao vichochoro vyake ni vya miguu na punda. Basi la shule, ambalo Nairobi ndilo humvutia mzazi kwanza, hapo halina njia. Je, utamchaguliaje mwanao shule?

Kwanza ujue shule ni ya nani. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Kaunti ndiyo huajiri walimu. Tuliyoizoea kama nasari sasa ina madarasa mawili, PP1 na PP2. Pwani utakuta pia chekechea zilizounganishwa na madrasa, mpango ulioanzia Mombasa miaka ya 1980. Hizo si za kaunti, basi usizichanganye unapolinganisha.

Usianze na rangi ya ukuta. Mshike mwanao mkono asubuhi, mtembee kutoka mlangoni kwako. Ukipanga nyumba Shela, kiasi cha kilomita tatu kutoka mjini, shule ya mjini, hata iwe nzuri vipi, si ya miguu ya miaka minne.

Ukifika, omba kuona choo. Je, tundu ni la kadiri ya mtoto? Maji ya kunawa yapo, na yako karibu? Uliza kama kuna uji, na ni nani anayeulipia.

Kisha sikiliza lugha. Sera yetu ya elimu inataka mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya mahali alipo. Lamu lugha hiyo ni Kiswahili, na wenzake watamsemesha Kiamu. Mtoto wa Nairobi aliyezoea Kiingereza aweza kunyamaza wiki nzima. Mwalimu mmoja atamketisha karibu na mwenziwe mchangamfu, awaache wacheze. Mwingine atampa penseli na mistari ya kunakili, ili mzazi afurahie daftari lililojaa. Mtaala wenyewe unataka umri huu ujifunze kwa michezo. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya shule na shule, nayo haionekani kutoka nje.

Kwa hivyo omba ruhusa ukae darasani saa nzima kabla ya kuandikisha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wewe mzazi, utazame kwanza mkono unaomkunja.