Chult, Pepo wa Bahari na Daftari Lililogombanisha Nyumba

Wadau, leo sina ubuyu wa msanii aliyeachwa wala aliyefumaniwa. Nina ubuyu wa mshkaji wangu mmoja, jina nalibana maana na yeye anasoma hapa, na daftari lake ambalo limegombanisha nyumba nzima. Ila ili muelewe, lazima kwanza niwaeleze gemu yenyewe. Vumilieni kidogo.

Gemu inaitwa Dungeons & Dragons. Ilitoka Marekani mwaka 1974, waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Haihitaji skrini. Mnakaa, mmoja anakuwa msimuliaji, wengine kila mtu na mhusika wake, unasema unachofanya na dadu ndo inaamua kama umefanikiwa au umeumbuka. Sisi tuko watano, tunacheza kwenye saluni ya mwenzetu akishafunga. Dadu ya nyuso 20 hatuna, tunatumia ya kwenye simu, na kuna mtu kila akikosa anasingizia bando limeisha.

Sasa hii gemu ina dunia zilizotungwa tayari, zinauzwa kwenye vitabu. Inayojulikana zaidi ni Forgotten Realms. Kama umecheza Baldur's Gate 3, ulikuwa humo humo bila kujua. Kinachonifurahisha ni kwamba aliyeianzisha, Ed Greenwood wa Kanada, alianza kuitunga akiwa mtoto miaka ya 1960, gemu yenyewe haijazaliwa. Kampuni ya TSR ikaja kuichukua, ikaanza kuitoa rasmi 1987. Yaani biashara yote hiyo ilianza kama stori za dogo.

Kusini mwa hiyo dunia kuna nchi inaitwa Chult. Msitu, dinosaria, maiti zinazotembea. Kwa macho yangu ni Afrika ya mtu aliyeisikia Afrika kwa mbali. Kitabu chake kikubwa, Tomb of Annihilation, kilitoka 2017, na ndani kuna mji wa bandari unaitwa Port Nyanzaru, watu wanashindanisha dinosaria mitaani na mji unaongozwa na matajiri saba wa biashara. Mmoja wao anaitwa Wakanga O'tamu. Siku tuliyofika kwa huyo bwana mchezo ulisimama kama dakika kumi hivi. Mmoja anauliza, anauza kanga au karanga? Kumbe anauza mambo ya uchawi.

Wote tulicheka isipokuwa mshkaji wangu. Yeye alisema, kama wao wanaokota silabi zetu na kuzitupia tu humo, basi mimi naweka mji wenye watu kweli.

Anafanya kazi steshenari. Mchana anatoa fotokopi na kuwachapia watu CV, wateja wakipungua anafungua faili lake. Alianza kwa mkono kwenye kaunta buku, sasa hivi limefika kurasa 31. Ni mji wa wavuvi na wauza chumvi, chini ya pwani ya Chult. Hakuna dinosaria hata mmoja. Kuna ugomvi wa nani anamiliki mitumbwi, kuna mwanamke anayekopesha nyavu na anayejua deni la kila mtu, kuna msikiti, samahani, hekalu, ambalo mlango wake unaangalia bahari. Na kuna pepo wa baharini anayewaita watu kwa majina yao usiku. Ukiitika, umekwenda.

Huyo pepo ametoka kwa bibi yake. Na hapo ndo nyumba ilipowaka moto, ila nitafika.

Tulipoucheza huo mji niliogopa kweli, sitanii. Mtu mmoja aliyefahamiana naye mtandaoni, yuko nje huko, aliposoma kurasa chache alimwambia: hii iweke DMs Guild, iuze.

Hapa naomba msome taratibu maana ndo penye mtego. Miaka ya 1990 TSR ilikuwa haitaki mashabiki waweke mitandaoni vitu walivyojitungia kutokana na gemu yao. Mashabiki wakawa wanaandika jina la kampuni kwa alama ya dola, T$R, kwa hasira. Mwaka 1997 kampuni ikanunuliwa na Wizards of the Coast, na 2000 hao wakatoa leseni iliyoruhusu watu kutumia kanuni za gemu na kuuza kazi zao. Kanuni lakini, sio dunia. Jina kama Chult lilibaki ndani ya geti. Geti lilifunguliwa kidogo 2016 walipoanzisha DMs Guild. Pale unaruhusiwa kuandika ndani ya Forgotten Realms na kuuza. Nusu ya mauzo ni yako, nusu inabaki kwa wenye dunia na wenye duka.

Nusu mimi sina shida nayo. Hata mwenye fremu ya duka unamlipa kodi. Shida ni masharti mengine. Ukishaweka pale huwezi kwenda kuuza kazi hiyo hiyo sehemu nyingine. Na ulichobuni, wenzako wa pale pale wanaweza kukitumia kwenye kazi zao bila kukupigia hodi. Mama wa nyavu anaweza kuibuka kwenye kitabu cha mtu ambaye hajawahi kuona nyavu.

Januari 2023 kulikuwa na vurugu nyingine. Rasimu ya leseni mpya ilivuja, ikiwataka wenye mapato ya zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka wakatiwe asilimia. Mashabiki wakafuta malipo yao ya kila mwezi kwenye huduma ya kampuni, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma, ikaziweka kanuni za msingi chini ya Creative Commons, ambayo hawawezi kuifuta tena. Kwa hiyo kanuni sasa unatumia utakavyo, mradi uwataje. Dunia yao bado ni yao.

Mshkaji ana njia mbili. Abaki na Chult, auze DMs Guild kwa watu ambao tayari wanaitafuta Chult. Au aondoe kila jina la kwao, atumie kanuni za bure, mji uwe wake mwenyewe na auze popote, ila nani ataujua?

Mama yake mdogo alisikia tukibishana sebuleni. Akauliza pepo gani huyo. Akaelezwa. Akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, unajua huyo aliyeitwa na kuitika ni nani? Ni mjomba'angu. Ni babu yako. Hakurudi, na mwili hatukuuzika."

Mshkaji hakujua. Bibi alikuwa anawasimulia watoto wa mtaa mzima kama stori ya kuwatisha wasiende ufukweni usiku. Alijitetea kuwa stori iliyosimuliwa barazani sio siri ya mtu. Mama mdogo akamjibu barazani hakukuwa na mkataba.

Kwa kweli nilikosa la kuongeza. Msimamo wangu ni huu, na nilimwambia hivyo: soko, chumvi, mitumbwi, hata mama wa nyavu, peleka. Hao umewabuni mwenyewe, ukiwatoa ni hasara yako mwenyewe. Pepo usimuweke mahali ambapo mtu yeyote ana ruhusa ya kumchukua. Msimuliaji wetu ananipinga, anasema bila pepo mji ni soko la Feri tu lenye panga na mazimwi, na kwamba babu angependa kukumbukwa. Labda. Babu hatumjui, mama mdogo tunamjua, na ndo anayetupikia.

Kwenye flashi ya steshenari sasa kuna mafaili mawili. La kwanza limeandikwa Chult, pepo hayumo, na pale alipokuwa kuna kurasa nne tupu. La pili lina pepo na halina jina. Mama mdogo ameomba achapiwe hilo la pili kwa herufi kubwa, asome mwenyewe kabla hajasema neno.