Miezi Miwili ya Kujifundisha Bunyakiri

Kitivo kinampa mwanafunzi vitu vitatu ambavyo haoni thamani yake mpaka avikose: ratiba, mtu wa kumuuliza, na tarehe ya mtihani. Vitabu sivihesabu humo, kwa sababu kitabu huazimwa na kurasa zake zikapigwa picha kwa simu. Lakini mtu mzima anayejifundisha peke yake kijijini hana wa kumwambia kwamba leo ni somo la sita, wala hana anayemngoja mwishoni na kalamu nyekundu. Vitu hivyo vitatu inambidi avitengeneze mwenyewe. Naeleza hapa namna nilivyovitengeneza, kwa maana wengi wetu katika kitivo hiki tumekwisha kufika katika hali hiyo, na wengine wataifikia.

Nina miaka 38 na ninafundisha shule ya msingi Bunyakiri, katika teritori ya Kalehe, karibu kilomita 80 kutoka Bukavu kwa barabara inayopita ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Masomo ya kitivo nilikuwa nikiyafuata kwa vipande, kila nilipopata nafasi ya kushuka mjini. Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, nafasi hiyo ilikatika. Nilibaki na daftari, simu iliyojaa picha za kurasa, na likizo kubwa ya Julai na Agosti mbele yangu.

Nilianza na mtihani. Sikutaka kusema tu kwamba "nitasoma isimu", kwa sababu kazi isiyo na mwisho haina hata mwanzo. Nilichagua kitu kinachoweza kuwekwa mezani: siku ya kufungua shule Septemba, nimkabidhi mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza orodha ya maneno 200 ya Kitembo, kila neno na Kiswahili chake. Watoto wetu wanakuja na Kitembo kutoka nyumbani, wanasikia Kiswahili sokoni, kisha wanakutana na Kifaransa ubaoni. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa au za mazingira zitumike kufundishia. Lakini sheria haimpi mwalimu maneno. Mwalimu akisimama mbele ya watoto 60 bila neno la kuwaonyesha njia, atarudi kwenye Kifaransa, na nusu ya darasa itabaki nje ingawa imekaa ndani.

Vitabu vyangu vilikuwa viwili, na havikuelewana. Cha kwanza ni kurasa nilizopiga picha za msamiati wa Kitembo uliotolewa Tokyo mwaka 1986 na mwanaisimu Mjapani Shigeki Kaji, ambao unaweka kando ya Kitembo Kiswahili cha Zaïre, Kijapani na Kifaransa. Cha pili ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981. Kimoja kinaandika Kiswahili kama kinavyosemwa kwetu. Kingine kinaandika kile ambacho wahadhiri wetu wanakingoja katika karatasi ya mtihani. Mama anayeuza sombe hajui kwamba kwa kamusi anauza kisamvu, na lengalenga zake hazijapata kuitwa mchicha. Sikutaka kuchagua upande. Daftari langu lilipata safu tatu: Kitembo, Kiswahili cha hapa, Kiswahili sanifu. Safu ya katikati ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu ndiyo daraja mtoto analolijua tayari. Ukilivunja kwa kuliita kosa, unamtaka aruke mto.

Ratiba niliifuata ardhi. Asubuhi ni ya shamba, hiyo haibishaniwi. Siku ya soko haina somo. Jumatatu na Jumanne jioni, taa ya jua ikiwa na nguvu, nilisoma saa moja na kuandika maswali kumi. Jumatano nilikwenda kwa mtu mmoja na maswali hayo. Jumamosi nilinakili kwa usafi. Ni saa tano hivi kwa wiki. Zinaonekana chache, lakini kwa wiki nane ni saa 40 ambazo hakuna mgeni wala msiba uliozimaliza zote, kwa sababu nilikuwa nimeacha wiki ya tano tupu kwa ajili ya misiba na wageni.

Waalimu wangu walikuwa majirani. Mama mmoja anayekamua mawese alinipa maneno ya kazi yake kwa mpangilio wa kazi yenyewe: kukata kichala, kukiacha siku kadhaa ngazi ziachie, kuchemsha, kuponda, kuengua mafuta. Kila hatua ilikuwa na kitenzi chake, wakati Kiswahili changu kilinipa "kutengeneza" tu. Alinirudisha pia mara nyingi kwenye toni, kwa sababu neno moja nililolisema kwa sauti ya chini lilikuwa neno jingine kabisa, na wajukuu wake walicheka. Nilianza kuweka alama za toni juu ya kila irabu, jambo ambalo darasani tulilipitia kwa saa mbili.

Wiki ya sita ilikuwa ya msitu, na hapo ndipo orodha ilipokwama. Nilimwendea mzee aliyekuwa mtegaji katika ujana wake. Hifadhi iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa kuelekea upande wetu mwaka 1975. Tangu hapo kutega humo ni marufuku. Nilimuuliza majina ya mitego na ya sehemu za mtego. Alinipa machache, akanyamaza, kisha akasema: "Mwalimu, haya maneno yanatoka na kazi. Kazi ikiisha, unataka niyatoe wapi?"

"Papa, hata yale unayoyakumbuka nusu yatanisaidia," nilimwambia.

Alinipa kumi na moja. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wangu, aliyasikia mengine kwa mara ya kwanza siku ile pamoja nami.

Tunafundishwa kwamba lugha hufa watu wanapoacha kuisema. Bunyakiri nimeona kwamba inaweza kusemwa kila siku, nyumbani na njiani, na bado chumba kizima ndani yake kikafungwa kwa sababu hakuna anayeingia kufanya kazi humo. Na sasa wenye funguo ni wazee ambao vita vinawahamisha kila mara. Anayengoja kitivo kifunguliwe ndipo aanze kuandika, anaweza kurudi na kalamu nzuri akute hakuna wa kumuuliza.

Septemba nilikabidhi maneno 164. Yalikuwa na toni na safu tatu, na mwalimu wa darasa la kwanza ameanza na yale ya chakula. Thelathini na sita yaliyopungua karibu yote ni ya msitu. Nimeyawekea ukurasa wake, wenye safu ya kwanza tupu na ya pili imejaa, ili yeyote kati yenu mwenye mzee kutoka upande wa Kalehe, popote alipohamia, ajue cha kumuuliza.