Mbegu ya Mhogo Iliyotoka Amani

Ukitoka Korogwe kwenda Handeni, ndugu msomaji, unavuka mto Pangani na kuiacha milima ya Usambara mgongoni. Mkonge unapungua, nchi inazidi kukauka. Hii ni nchi ya Wazigua. Mvua ikikosa, mahindi hufa kwanza. Mhogo ndio unaobaki kulisha watoto.

Lakini pasua mhogo mmoja utazame. Pengine majani ni mazuri, shina limesimama imara, na ndani mna madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Ndiyo michirizi kahawia. Bwana H. H. Storey aliandika habari zake mwaka 1936, akiwa Amani, kule Usambara ya mashariki. Ndugu yake ni batobato, anayekunja majani. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunapokata vipando kutoka shina gonjwa.

Sasa, mhogo una mbegu nyingine ambayo wengi wetu hatuijali: ile ya tunda. Tunda likikauka hupasuka na kurusha mbegu tatu. Batobato haipiti katika mbegu hiyo. Tena kila mbegu huzaa mmea wa namna yake, kama watoto wa nyumba moja wasivyofanana. Kipando hurudia mama yake tu.

Watu wa Amani, Storey na mwenzake Nichols, kisha Jennings, waliishika njia hii tangu miaka ya 1930 hadi 1957. Walichavusha mhogo kwa mti wa mpira, ule ule ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi huku Tanga kabla ya vita ya 1914. Mpira una nguvu ya kupinga maradhi, ila mizizi yake haifai chunguni. Basi watoto wakachavushwa tena na mhogo, na wajukuu vilevile, hata mizizi ikawa chakula.

Mbegu zikapelekwa Nigeria. Huko Ibadan, katika miaka ya 1970, kizazi chake kilizaa mhogo ulioitwa TMS 30572. Batobato kali ilipofagia mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, mhogo huo ulikuwa miongoni mwa iliyorudisha chakula. Mbegu ya Usambara, tazama ilivyozunguka!

Lakini Nigeria hakuna michirizi, kwa hiyo haikupimwa huko. Tangu 2004 imeenea Uganda, na mingi iliyoishinda batobato imeshindwa nayo. Kazi inaendelea hata leo, Kibaha pia.

Ukiona mche umejiotea shambani kwa mbegu, uache ukue. Usile mzizi wake mbichi, maana huenda ni mchungu sana. Na msimu wa kupanda ukifika, kabla hujakata vipando, chimbua mhogo wa shina lile lile, uupasue.