Kizingiti chako kisifute mvua ya mawe

Wasee, hii maneno ya "safisha data kwanza" inanisumbua. Safisha, sawa. Lakini nani ameamua uchafu ni gani?

Chukua kilo za majani chai hapa kwetu Masimba. Tuseme leo 14, kesho 9, keshokutwa 15. Mchumaji aliugua, mvua ilinyesha asubuhi. Hizo ni kelele, sibishi. Halafu mvua ya mawe inapiga shamba, na kilo zinashuka wiki kadhaa. Hiyo si kelele. Hiyo ni karo ya mtoto wa mtu.

Weivuleti, yaani viwimbi vifupi, hugawa mabadiliko kwa ngazi: ya siku, ya wiki, ya mwezi. Mwaka 1994 Donoho na Johnstone walitoa kizingiti maarufu: ukubwa wa kelele mara kipeuo cha pili cha 2 ln n. Ukiwa na siku 365, ni kama mara 3.4. Kilicho chini yake kinafutwa. Shida ni kwamba kizingiti hicho hupenda kulainisha kupita kiasi.

Mimi naweka kizingiti cha kila ngazi: kikali kwa siku, kipole kwa wiki. Kisha nachora kile kilichofutwa. Kikionekana bila umbo, poa. Nikiona bonde la wiki tatu humo ndani, nashusha kizingiti.

Na bado, kabla ya kufuta, muulize mama aliyechuma. Yeye anakumbuka hiyo wiki. Kompyuta haikuwa shambani.

Nyinyi mnaweka wapi? Semeni hapo chini.