Kijerumani cha Cheti, Kijerumani cha Wodi

Bango limebandikwa kwenye mlingoti wa stima kule Kawangware, Nairobi: Kijerumani hadi B2 kwa miezi minne, kazi Ujerumani, viza uhakika. Picha yake imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya walio Ujerumani, na hasira iliyozuka humo ni ya haki kabisa. Goethe-Institut, iliyofika Nairobi mwaka 1963, hushauri mtu awe amesoma vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kabla ya kufanya mtihani wa B2. Piga hesabu. Vipindi vitano kila siku, siku tano kwa wiki, bila ugonjwa, bila kibarua, bila matanga: ni wiki 24 hadi 32. Anayelipia hiyo miezi minne ya uongo ni mama anayeuza mitumba Toi Market, aliyekopa kwenye chama kwa jina la mwanawe.

Cheti chenyewe ni cha maana. Bila ngazi ya B1, na mara nyingi ya B2 iliyo juu yake, mlango wa uuguzi Ujerumani haufunguki. Lakini nyumbani mtihani umegeuzwa mwisho wa safari, na hapo ndipo walioko ng'ambo wanaposhika vichwa.

Saa kumi na mbili asubuhi katika wodi ya Kijerumani hakuna anayeuliza alama za mtihani. Zamu ya usiku inakabidhi. Muuguzi aliyechoka anasoma mbiombio: wa chumba cha nne amekataa dawa ya presha, wa saba ameteleza chooni, wa tisa ana kisukari na hajala tangu jana. Anameza nusu ya maneno, na kama ni Saxony au Bavaria, nusu iliyobaki inatoka kwa lafudhi ya kijijini kwao ambayo hakuna kitabu kilichoitaja. Mwanagenzi kutoka Nairobi anatakiwa kuandika yote hayo, kisha aingie chumba cha tisa akiwa anajua la kufanya.

Dada mmoja aliyekulia Silanga, mtaani Kibera, ambaye sasa yuko mwaka wa pili wa mafunzo katika makao ya wazee, huwasimulia jamaa zake kuhusu bibi aliyekataa kuogeshwa na mgeni. Wiki nzima alikuwa akimfukuza. Siku dada alipomuuliza kuhusu bustani yake ya zamani, waridi gani, mbolea gani, bibi alizungumza mpaka maji yakapoa, na tangu hapo humwita yeye kwanza. Hilo halimo katika karatasi ya B2, lakini ndilo linalomfanya mtu adumu kazini.

Na kazi yenyewe ina faida ambayo Wakenya huisikia bila kuiamini. Nyumbani familia huuza shamba kulipa karo ya chuo cha uuguzi. Ujerumani mwanagenzi wa uuguzi hulipwa tangu mwezi wa kwanza. Katika hospitali za umma ni zaidi ya yuro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Mafunzo ni miaka mitatu, akipokezana darasa na wodi, na mwisho ana taaluma inayotambuliwa nchi nzima. Mfumo ni huohuo kwa fundi umeme, mpishi, mwokaji mikate na fundi wa mitambo, ingawa miaka na malipo hutofautiana.

Tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia mkataba wa uhamiaji wa nchi hizi mbili ukitiwa saini Berlin. Kabla wino haujakauka, habari zilienea kwamba Wakenya 250,000 watapata kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: mkataba haukuwa na idadi yoyote. Lakini mtaani idadi ilishapata miguu, na maajenti wa ajira wakaipanda. Habari ndogo zaidi ya siku zile ndiyo iliyostahili kusomwa Kawangware, jukwaa la matatu za 46: madereva watano wa mabasi kutoka Kenya walikuwa wamekwishapokelewa Flensburg, karibu na mpaka wa Denmark, katika mradi wa majaribio. Watano. Na dereva wa basi la Flensburg lazima amwelewe mzee anayeuliza kituo, na amjibu.

Kinachouma zaidi ni kwamba vijana wa Silanga huambiwa hawana kichwa cha lugha. Uongo mtupu! Mtoto wa huko hukua na Sheng, Kiswahili, Kiingereza cha shule na lugha ya mama, kisha anaokota Kidholuo au Kiluhya cha jirani kwenye foleni ya maji, na akivuka hadi mtaa wa Makina anasikia Kinubi. Hakuna aliyempa cheti cha hata kimoja kati ya hivyo vya mtaani. Alivipata kwa kununua, kubishana, kutania na kusuluhisha ugomvi. Lakini akiingia darasa la Kijerumani, anaketishwa akariri jedwali la viambishi na majibu ya mitihani iliyopita, kana kwamba hajawahi kujifunza lugha maishani.

Kwamba lugha hushikwa kwa kuwasikia wenyewe, Wajerumani walilijua zamani, ingawa kwa nia ya kutawala. Shule ya lugha za Mashariki iliyofunguliwa Berlin mwaka 1887 iliwaleta walimu waliozaliwa na Kiswahili, akiwemo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ili maofisa wa koloni wakisikie kutoka kinywani mwa mwenyewe kabla ya kupanda meli.

Faida za lugha haziishii kazini. Ujerumani barua bado ni barua: bima, kodi, mwenye nyumba, ofisi ya wageni, zote huandika Kijerumani kizito na kuweka tarehe ya mwisho. Asiyesoma anabaki mikononi mwa anayemtafsiria, na huyo si kila mara rafiki. Anayesoma huona kifungu cha mkataba kinachomdai arudishe gharama akiacha kazi mapema, na anauliza kabla ya kutia saini. Katiba ya Kenya ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, na tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria ya Ujerumani nayo inaruhusu. Aliyeishi huko kihalali miaka mitano, anayejitegemea na mwenye B1, anaweza kuomba pasipoti ya pili bila kuitupa ya kwanza.

Miji ya Ujerumani ina vyuo vya watu wazima, mamia nchini kote, ambako darasa la lugha la jioni ni jambo la kawaida na bei yake haimtishi mpishi wala mfagiaji. Silanga haina kitu cha aina hiyo. Ina simu, na kwenye simu mna kozi ya bure ya Deutsche Welle, Nicos Weg, kutoka A1, ngazi ya kwanza, hadi B1. Redio hiyohiyo ambayo Afrika Mashariki imeisikiliza kwa Kiswahili tangu 1963. Kijana amalize A1 hapo kabla ya kumpa ajenti yeyote shilingi. Kumbi za makanisa na madarasa ya shule za Kibera hukaa matupu jioni, na wako waliosoma Kijerumani hadi KCSE ambao hawajawahi kuombwa wafundishe.

Swali la nani alipie mtihani bado ni bichi. Basari za eneo bunge zingeweza kusaidia, lakini zina foleni ndefu ya karo za sekondari. Mwajiri wa Ujerumani ana hoja nzito zaidi ya kulipa, kwani B2 ya muuguzi wa Silanga itamfaa yeye tangu asubuhi ya kwanza, wakati mkopo wa chama bado unadaiwa Toi Market. Waajiri wengine hukubali kulipia. Wasiokubali waulizwe kwa nini, na waulizwe kwa Kijerumani.