Shati la Jumapili

Damu iliyoingia katika nguo haiondolewi kwa maji ya moto. Maji ya moto huigandisha katika nyuzi, na doa likawa la kudumu. Nguo hulowekwa kwanza katika maji baridi yaliyotiwa chumvi, ikaachwa kwa saa moja au zaidi, ndipo ikafikichwa kwa sabuni. Hivyo ndivyo alivyofanya mama mmoja wa sekta ya Nkungu, wilayani Rusizi, jioni ya Jumapili moja ya masika, pale mpwa wa mumewe aliporejea kutoka Kamembe na shati lililochanika begani na sikio lililopasuka.

Kijana huyo ana umri wa miaka 19. Alikuwa Kigali kwa miezi minane akibeba saruji katika jengo la ghorofa. Jengo likaisha, na kazi nayo ikaisha. Akarudi milimani kwa mjomba wake, ambako asubuhi huenda kuchuma chai kibarua kinapopatikana, na kisipopatikana hukaa juu ya ukuta wa daraja pamoja na wenzake wakihesabu magari.

Mjomba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alilitazama sikio lile kwa muda mrefu kabla ya kusema.

“Nani amekupiga, baba?”

“Hakuna aliyenipiga, Mjomba. Tulipigana.”

Mechi yenyewe ilikuwa ya vijana wa mitaa, isiyo na kikombe wala zawadi. Mwamuzi alikataa bao, jiwe likarushwa, na washabiki wa pande mbili wakakutana katikati ya uwanja. Hakuna aliyevunjika. Walakini lililomkosesha mzee usingizi usiku ule halikuwa sikio, bali uso wa kijana alipokuwa akisimulia. Tangu arudi kutoka Kigali alikuwa hajaonekana mchangamfu kiasi kile.

Siku ya pili mama alipokuwa akianika godoro alikuta kitabu chini yake. Mama yeyote akutapo kitabu chini ya godoro la kijana huwa na mawazo ya namna moja tu, naye akampelekea mumewe pasipo kukifungua. Kumbe ilikuwa riwaya ya Kiingereza, *The Football Factory*, iliyotungwa na John King na kuchapishwa mwaka 1996.

Hapo palikuwa na kikwazo. Mwalimu alisomeshwa kwa Kifaransa, kama walimu wengi wa rika lake. Kijana ni wa kizazi kilichoanza shule baada ya serikali kuamua, mwaka 2008, kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Hivyo katika nyumba moja kuna watu wawili waliosoma, na kila mmoja hawezi kusoma vitabu vya mwenzake. Mwalimu hakukichoma kitabu, wala hakukificha. Alimwita kijana baada ya chakula cha jioni, akamwambia, “Keti hapa unisomee. Nieleze kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kitakapokushinda, kwa Kinyarwanda.”

Ikawa hivyo kwa jioni kadhaa, mama akiwa upande wa pili akichambua maharage na kujifanya hasikii.

Riwaya hiyo humfuata kijana wa London aitwaye Tom Johnson, mfanyakazi wa ghala na mshabiki wa Chelsea. Siku za kazi ni za kubeba na kupanga mizigo. Jumamosi ni siku ya kusafiri na kundi lake hadi miji mingine kutafuta washabiki wa timu pinzani wapigane nao. Mpira wenyewe karibu haumo. Msomaji anayetazamia kuelezwa pasi na mabao atafunga kitabu akiwa na njaa. Lugha yake ni chafu, na matusi yamemwagwa kila ukurasa, hata kijana alilazimika mara nyingi kukohoa na kusema, “Hapa, Mjomba, wanatukanana tu,” na kuruka mistari mitano.

Mwalimu alisikiliza, kisha akatoa hukumu ya kwanza: wahuni. Ndilo neno ambalo wazazi wengi wangelitumia, na si neno la uongo.

“Ni wahuni, Mjomba,” kijana akajibu, “lakini tazama wanavyoishi. Siku sita hakuna anayewajua majina. Siku ya saba polisi mia wanawangoja stesheni.”

Jibu hilo lilistahili kusikilizwa. Uingereza ya miaka ya 1980 ilikuwa nchi ambayo migodi na viwanda vilikuwa vikifungwa; wachimba makaa waligoma mwaka mzima, 1984 hadi 1985, wakashindwa. Katika miaka hiyohiyo ghasia za washabiki zilifikia kilele. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, washabiki wa Liverpool waliwashambulia wale wa Juventus, ukuta ukaanguka, na watu 39 wakafa. Watunzi waliozaliwa katika mitaa ya wafanyakazi waliona kuwa magazeti yaliwaeleza watu wao kama wanyama, wakashika kalamu kueleza mnyama huyo hula nini na hulala wapi.

Wala hawakukosea kabisa kulalamika. Tarehe 15 Aprili 1989 watu walibanwa hadi kufa katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield; idadi yao leo ni 97. Polisi walisema kuwa walevi wasio na tiketi ndio waliosababisha. Ikachukua miaka 27, hadi Aprili 2016, baraza la uchunguzi kutamka kuwa marehemu waliuawa isivyo halali na kuwa washabiki hawakuwa na kosa. Mtu akishapewa jina la mhuni, hata maiti yake hushtakiwa.

Msomaji atauliza mambo ya London yanaihusu nini Nkungu. Yanaihusu. Mwezi Septemba 2008, mjini Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, mechi ya mahasimu wawili iligeuka ghasia baada ya golikipa kushutumiwa uchawi. Mawe yakarushwa, polisi wakapiga mabomu ya machozi, na watu zaidi ya 10 wakafa katika msukumano, wengi wao vijana wadogo. Nairobi, Oktoba 2010, watu saba walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Dar es Salaam, tarehe 1 Oktoba 2016, baada ya Amissi Tambwe wa Yanga kufunga bao ambalo Simba walidai aliushika mpira, washabiki wa Simba waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa na kuvirusha. Viti vile vilikuwa mali ya umma, mali ya hao hao waliovirusha. Hakuna mtunzi anayejulikana sana aliyekwisha kuketi na kuandika riwaya ya mtu aliyeng'oa kiti: alitoka nyumba gani asubuhi ile, alikuwa amekula nini, nani alikuwa amemfukuza kazi Ijumaa.

Ijapokuwa hivyo, Kiswahili si maskini wa riwaya za unyonge uliochoka. Adam Shafi aliandika *Kuli* mwaka 1979, akasimulia wachukuzi wa bandari ya Unguja hadi kufikia mgomo wao wa 1948. Euphrase Kezilahabi mwaka 1975 aliitoa *Dunia Uwanja wa Fujo*, jina linalotosha kuandikwa juu ya lango la kila uwanja wa mpira. Makuli wa Adam Shafi wana dhiki kuliko Tom Johnson mara kumi, nao pia wana hasira. Lakini hasira yao ina anwani. Wanamjua anayewapunja, na wanajifunza kusimama pamoja mbele ya mlango wake. Hasira ya Tom haina anwani. Anampiga mfanyakazi mwenzake wa mji mwingine, mwenye mshahara kama wake, kwa sababu ya rangi ya skafu. Jumatatu wote wawili hurudi ghalani na tajiri hana hata habari. Kama riwaya ya King ina kasoro kubwa, si matusi yake; ni kwamba mara nyingi huonekana kufurahia ngumi kuliko inavyotaka kuzichungua.

Lakini ina sura nyingine, ambazo zilimfanya Mwalimu amwambie kijana arudie kusoma. Kati ya mapigano mtunzi ameweka maisha ya watu wengine, na mmojawapo ni mzee Farrell, mpiganaji wa Vita Kuu ya Pili, ambaye marehemu mkewe alikuwa ameokoka katika kambi ya mateso. Mzee huyo ameona kuua kwenyewe. Anaishi mji mmoja na vijana wanaochezea kuua, nao hawamwulizi kitu.

“Sasa simama hapo,” Mwalimu akasema, akavua miwani.

Kijana alikuwa akijua, kama kila mtoto wa nyumba ile, kuwa mjomba wake haendi Kamarampaka. Alikuwa hajaambiwa kwa nini, naye hakuwa ameuliza. Uwanja huo wa Kamembe, uliopewa jina la kura ya maoni ya 1961, ndio alikopasukia sikio.

Tarehe 15 Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja huo. Mwalimu, wakati huo akiwa na miaka 22, alikuwa miongoni mwao. Siku ya pili yake majina yalisomwa kutoka katika orodha. Walioitwa walitolewa, wakauawa. Alisema jambo moja tu juu ya saa hiyo: kwamba kwa miaka yote aliyokuwa mtoto majina yaliyosomwa katika uwanja yalikuwa ya wachezaji kumi na mmoja, na watu walishangilia. Mwezi Mei waliobaki walipelekwa kambi ya Nyarushishi, katika Nkungu hii hii, mwendo mfupi kutoka nyumba anamokaa leo, na huko maelfu waliokoka. Pale Gashirabwoba, upande wa Nyamasheke, wakimbizi walikuwa wamekwisha kushambuliwa na wanajeshi tarehe 12 Aprili. Nao walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha iliyasikiliza mambo ya Cyangugu kwa miaka, ikatoa hukumu ya kwanza tarehe 25 Februari 2004.

“Waliotungoja nje walikuwa vijana,” Mwalimu akasema. “Wengine nilisoma nao. Hawakuwa na kazi. Walipewa bia, wakapewa wimbo, wakapewa kundi. Nyuso zao zilichangamka kama uso wako Jumapili ile.”

Lilikuwa neno zito kumwambia mtoto wa dada. Mama aliacha kuchambua maharage. Tena halikuwa la haki kamili, na Mwalimu mwenyewe alilijua. Ngumi za mechi ya mitaa si mauaji ya kimbari, na mauaji yale hayakuzuka kwa vijana kukosa kazi. Yalipangwa na watu wenye kazi nzuri, wenye ofisi na magari. Lakini waliopanga walihitaji mikono, na walijua mahali pa kuitafuta. Miongoni mwa mizizi ya Interahamwe, kabla halijawa jeshi la wauaji, kulikuwa na vijana wa vilabu vya mpira na starehe mjini Kigali.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Alipojibu hakuinua sauti.

“Na Murangwa, Mjomba?”

Eric Murangwa alikuwa golikipa wa Rayon Sports. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 wanajeshi waliingia nyumbani kwake Kigali wakipekua. Mmoja wao alitupa chini albamu ya picha, akaona humo picha za timu, akamtambua: kumbe huyu ni Toto, golikipa. Badala ya kumwua akaanza kuzungumza naye habari za mpira. Baadaye wachezaji wenzake walimficha, na hata mkubwa mmoja wa Interahamwe, aliyekuwamo katika uongozi wa klabu, alimlinda kwa sababu ya klabu. Mtu huyo huyo mikono yake haikuwa safi kwa wengine.

“Kundi lilimwokoa,” kijana akasema. “Mimi sina kundi jingine, Mjomba. Shuleni nimemaliza. Kigali hakuna aliyenijua ila msimamizi wa zamu, naye aliniita ‘wewe’. Pale uwanjani wananijua jina.”

Mwalimu hakuwa na jibu lililo tayari. Wazee wana desturi ya kuwa na majibu, na kwa kawaida jibu huwa ni kazi. Lakini alikuwa amekwenda mara tatu kumwulizia kijana kibarua cha kudumu, akarudi mikono mitupu. Alikifunga kitabu, akakirudisha, akasema tu kuwa zimebaki kurasa thelathini na taa inakwisha mafuta.

Walizimaliza usiku uliofuata. Hawakukubaliana juu ya mwisho wake. Mwalimu aliona mtunzi amewaacha vijana wale palepale alipowakuta. Kijana akasema ndipo walipo kweli, mtunzi angewapeleka wapi?

Jumamosi mama alishona bega la shati kwa uzi uliokaribia rangi yake. Doa lilikuwa limefifia, ila kwa mtu ajuaye mahali pa kutazama bado lilionekana karibu na kola. Asubuhi ya Jumapili, kijana alipokuwa akilivaa, Mwalimu alitoka chumbani amevaa viatu vyake vya kanisani, akaketi kizingitini akifunga kamba polepole, na pasipo kumtazama akauliza nauli ya pikipiki hadi Kamembe siku hizi ni kiasi gani.