Njia ya Kusini Kabla ya Lami

Barabara ya kusini hutoka Dar es Salaam, hupita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, huvuka mto Rufiji, kisha hushika Somanga na Nangurukuru mpaka Lindi na Mtwara. Ni mwendo wa kilomita 560 hivi, na leo basi linaloondoka alfajiri hufika Mtwara jua halijazama. Kwa miaka mingi lami iliishia Kibiti. Kuanzia hapo safari ilikuwa ya lori, na urefu wake ulitegemea mvua: kiangazi siku mbili, masika wiki nzima, au isiwepo kabisa. Mwenye haraka mwezi wa Aprili alisubiri meli, au alizunguka kwa Iringa, Songea na Tunduru, njia iliyokuwa na mateso yake.

Waliozaliwa baada ya lami huisikia habari hii kama hekaya. Wapo vijana wa Lindi wasiojua kwamba Ndundu, penye kivuko cha Rufiji, palikuwa mahali pa kulala siku tatu. Hawana kosa, maana hakuna aliyewaandikia.

Kiini cha tabu kilikuwa udongo. Bonde la Rufiji lina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa, na ukishiba maji huvimba, ukateleza na kunata kwa wakati mmoja. Maji hayapenyi kwenda chini, hukaa juu. Tairi likipita hujipaka tope mpaka meno yake yote yanazibwa, likawa kipara hata kama ni jipya. Mbele ya Somanga hali hubadilika, na sehemu nyingi ni mchanga. Huko dereva alipunguza upepo ili tairi litanuke na kuelea, halafu utingo akajaza tena kwa pampu ya mkono, kazi ya kuvunja mgongo.

Dereva mzoefu hakuingia tope kabla ya kulikagua kwa miguu. Alivua viatu, akakunja suruali, akapima kwa fimbo kina cha mifereji iliyochimbwa na malori yaliyotangulia. Kina kikizidi uwazi ulio chini ya difu, difu ingelalia tuta la katikati na magurudumu yangebaki yakizunguka bure. Hapo alitafuta njia mpya pembeni, kama pembeni hapakuwa na maji. Akishaamua, alitia gia nzito tangu mwanzo, akashika mwendo mmoja, asikanyage breki wala klachi mpaka pakavu. Aliyebadilisha gia katikati ya tope alikwama.

Lori likikwama, wa kwanza kuteremka alikuwa utingo. Aliingia chini na jembe na panga, akalala ubavu ndani ya maji, akachimba mbele ya kila tairi na kuikomboa difu. Jeki haikuwekwa juu ya tope, kwa kuwa ingezama. Ilitangulizwa ubao mpana, na ubao huo ulitunzwa kuliko kitu chochote ndani ya gari. Lori likiinuka kidogo, chini ya matairi yalishindiliwa matawi, magogo na mawe, kama mawe yalipatikana, maana katika bonde lile ni haba. Ikishindikana, mzigo wote ulishushwa. Magunia ya korosho, ufuta au samaki wakavu, kama lori linapanda Dar, au saruji, mabati na sukari, kama linashuka kusini, yalibebwa begani mpaka palipoinuka, lori likatoka jepesi, na magunia yakarudi juu moja moja. Wanaume walibeba na kusukuma, akina mama walitafuta kuni na maji ya kunywa. Mara nyingi vijana wa kijiji cha jirani walifika na majembe yao, wakapatana bei, nao walijua vizuri kuliko dereva mahali ambapo ardhi ilikuwa ngumu.

Abiria walikaa juu ya mzigo, wakishika kamba za turubali. Kiti cha mbele kiliachiwa mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee. Watu waliopanda Mbagala hawajuani waliteremka Lindi wakiwa jamaa, na si ajabu wengine wakaja kuozeshana watoto. Utani wa makabila ulisaidia sana. Aliyemtania mwenzake saa mbili asubuhi hakuweza kumnyima maji saa nane mchana. Mwezi wa Ramadhani, futari iliwekwa kwenye sinia moja pembeni mwa gari, na asiyefunga naye alikaribishwa. Usiku moto haukuzimwa, na hakuna aliyeingia porini peke yake. Rufiji ina simba, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliua watu wengi wilayani humo.

Sheria kubwa ya njia haikuandikwa popote: lori halikulipita lori lililokwama. Waya wa kuvutia ulikuwa mali ya yeyote aliyeuhitaji. Springi ikivunjika, dereva wa pili alitoa yake ya akiba, nayo ilirudishwa mwezi uliofuata kwa mkono wa dereva wa tatu.

Kisha kulikuwa na mto. Pantoni ilivusha magari machache kwa zamu. Rufiji ukijaa, kivuko kilisimama, na mashine ikiharibika kilisimama vilevile. Foleni ikawa mji. Vibanda vya makuti viliota ukingoni, na wasafiri wa enzi hizo humkumbuka zaidi mama ntilie. Alipika wali wa mchele wa Rufiji, ule mchele unaonukia kabla sufuria halijafunuliwa, na kambale aliyekaushwa kwa moshi, akaungwa kwa nazi. Harufu ya foleni ile ilikuwa ya moshi wa kambale, dizeli na tope la mtoni, na aliyeivuta siku tatu hakuisahau. Mama huyo alimjua kila dereva kwa jina, na utingo wake, na mtoto wa utingo aliyekuwa akiumwa safari iliyopita. Msafiri aliyeishiwa fedha alikula kwa mkopo bila daftari. Deni lililetwa na lori jingine, limefungwa kwenye kipande cha gazeti. Habari nazo zilipita kwake: nani amefiwa, daraja gani la magogo limechukuliwa na maji, korosho inauzwaje Mtwara. Hakuna ofisi yoyote kati ya Kibiti na Kilwa iliyokuwa na taarifa sahihi kuliko mafiga yake matatu.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na mji wa foleni ukafa. Lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kutesa watu miaka mingi baadaye. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kupita kwa bomba kutoka Somanga kwenda Dar es Salaam, na abiria bado walikuwa wakisukuma magari matopeni. Hilo haliwezi kusamehewa kwa urahisi. Lami ya kipande hicho ilikamilika katikati ya miaka ya 2010.

Lami ilikuwa haki ya watu wa kusini, na ilichelewa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hakupaswa kusubiri tope likauke, wala mgonjwa kufia juu ya magunia. Bei ya saruji na sukari haikupaswa kupandishwa na utelezi wa bonde. Anayetamani enzi zile zirudi hakuwahi kulala njiani usiku kwenye mvua.

Hata hivyo kuna kilichopotea bila sababu. Basi husimama dakika kumi za kuchimba dawa, abiria hununua pweza Somanga, hurudi kitini na kuziba masikio kwa muziki wa simu, kila mmoja wake. Gari likiharibika njiani, mengine hulipita kwa kasi. Lami haikuagiza watu wasisimame.

Kibaya zaidi, ujuzi wa maji umetupwa. Madereva na matingo wale walijua kila bonde linalojaa, na mwezi linapojaa. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo eneo la Somanga na kwingineko, na magari yakalala foleni pande zote mbili, kusini ikakatika tena na Dar es Salaam. Maji yalipita yalipozoea kupita.

Wazee hao wangali wapo Lindi, Kilwa, Ikwiriri na Mbagala, ingawa wanapungua kila mwaka. Wahandisi wa barabara wakae nao kabla ya kuchora makalavati mapya, na kijana mwenye babu aliyekuwa utingo amwulize sasa, kalamu mkononi.